Juni ya Byamungu

Kwa akina Bernardine, mwanamume anayeomba binti huitwa mara tatu mbele ya wazee, kwa jina lake na la baba yake, naye lazima aitike kwa kinywa chake mwenyewe. Akiwa ng'ambo, simu inakubaliwa. Akiitikiwa na mjomba au rafiki, hajaitika. Mara ya tatu ikipita kimya, wageni hupewa maji ya kunywa, hushukuriwa, na kurudi kwao na vitu vyao.

Nilijua yote hayo. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwisho wa Januari, mwaka 2018, niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikavaa suti na viatu vyeusi, nikaketi sebuleni kwangu Richfield, Marekani, na simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Shughuli ilipangwa kuanza saa tisa alasiri ya Bukavu, yaani saa moja asubuhi kwetu.

Saa moja ikafika. Saa mbili ikafika. Ndipo mjomba wangu Sosthène, aliyekwenda kusimama mahali pa marehemu baba, akapiga.

"Mwana wangu, tulia. Baba ya binti bado yuko njiani, gari imewakwamia Kavumu. Tumekaa, tunaangaliana na wakwe kama watu wa mahakamani."

"Mtaanza saa ngapi?"

"Mimi najua? Wewe shika simu yako tu. Na usisahau: wakiuliza utakuja lini, usitaje mwezi."

Hilo hakuwa na haja ya kunikumbusha. Niliondoka Bukavu nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaishi kambini Nakivale, Uganda, kisha nikaletwa Minnesota. Pasi ya nchi yoyote sikuwa nayo. Karatasi zangu zilikuwa kwenye ofisi fulani ambayo ilikuwa ikinijibu kwa barua yenye maneno yaleyale, na mwanasheria wa kanisa alikuwa ameniambia waziwazi kwamba mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia kabla karatasi hazijatoka, anaweza asirudi tena. Mimi na Bernardine tulikuwa tumekubaliana: tutaomba, tutapewa neno, tutangoja. Baba yake naye alikuwa amekubali kutusikiliza mara moja tu. Alikuwa amechoka kuwaambia wachumba wengine kwamba binti yake ana mtu asiyeonekana.

Saa mbili na nusu mlango ukagongwa. Walikuwa rafiki zangu Pacifique na Kerubo. Kwa wiki tatu tulikuwa tumepanga kwenda Saint Paul kuona maonyesho ya sanamu za theluji, na mimi katika furaha yangu sikuwa nimewaambia kwamba siku zimegongana. Nilidhani hadi saa hiyo mambo yangekuwa yamekwisha.

Kerubo, Mkenya kutoka Kisii anayetunza wazee katika nyumba moja kule Crystal, alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Haki ya Mungu, Mugisho, hiyo suti? Unaenda kuona theluji ama unaenda kuzikwa?"

"Leo ni posa yangu."

"Posa ya simu! Na viatu umepiga rangi? Nani ataona viatu?"

"Mimi nitaviona."

Pacifique alicheka. Yeye ni wa Uvira, anafua mashuka ya hospitali huko Maplewood, na ni mtu mpole ambaye maneno yake huwa yanafaa kusikilizwa. "Mon frère, ndugu yangu, baki hapa," alisema. "Sisi twende na Kerubo, tutakuletea picha."

Ningemsikiliza. Lakini niligeuka nikaangalia kile ambacho simu ilikuwa inakiona nyuma yangu: ukuta wenye doa la maji, kochi la msaada, pazia lililokatika kulabu mbili. Shangazi yake Bernardine, Euphrasie, ndiye angeuliza maswali yote siku hiyo, na mwanamke huyo aliwahi kuuliza kama huko Marekani nina hata mlango wa kufunga. Nikaiona picha nyingine kichwani: mimi katika suti, nyuma yangu mnyama wa theluji mrefu kama nyumba, jua linawaka. Wamwone basi huyo mtu asiyeonekana!

"Naenda," nikasema. "Wakipiga, nitaitika nikiwa hukohuko."

"Betri?" akauliza Pacifique.

"Sitini na nne."

"Inatosha," akasema Kerubo. Baadaye alilia kwa sababu ya neno hilo, ingawa halikuwa kosa lake.

Garini walinitaka niwasomee nilichoandaa. Niliandika ubeti ule kwa siku nne, nikampelekea binamu yangu Byamungu, mtoto wa Mjomba Sosthène, anihakikishie kwamba wazee wa Bagira, mtaa wa akina Bernardine, watauelewa. Tulilelewa nyumba moja, mimi naye, na sauti zetu ni moja. Hata mama yangu hutuchanganya kwenye simu. Nilisoma:

*Niko hapa naitika, kinywa changu sijakopa,*
*Baridi ikinishika, siachi kwa kuogopa,*
*Ni mbali nilikofika, ahadi nawapa hapa,*
*Binti yenu namtaka, ni mimi ninayeapa.*

"Mm," akasema Kerubo. "Ahadi gani sasa? Umeahidi nini hapo?"

"Ndiyo uzuri wake. Nimeahidi bila kutaja mwezi."

"Wanasiasa wetu wangekuajiri."

Tuliacha gari mbali, tukatembea dakika kumi kuelekea uwanjani. Pacifique aliacha simu yake garini ikichaji, akijua kwamba tutarudi baada ya muda mfupi. Ilikuwa siku ya jua kali lisilo na joto lolote, anga la buluu, na baridi ya aina ile inayogandisha vinyweleo vya puani ukivuta pumzi mara moja tu. Viatu vyangu vilikuwa vya ngozi na soli laini. Nilitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Sanamu zilisimama mistari miwili. Kila kikundi hupewa bonge la theluji iliyoshindiliwa, mraba, refu kumzidi mtu, kisha wanalichonga siku tatu kwa majembe, misumeno na vikwaruzio walivyojitengenezea kwa mbao na misumari. Wengine walikuwa wamemaliza, wengine walikuwa juu ya ngazi wakisugua. Tuliona samaki mwenye magamba yaliyohesabika moja moja, na mwanamke anayesuka nywele za mwanamke mwingine, mpaka Kerubo akasema yule anayesukwa anaonekana kabisa kwamba amevutwa sana. Mwishoni kulikuwa na ndege. Mabawa yake yalikuwa yamefunguka, kila bawa refu kunizidi mimi, na kwenye ncha theluji ilikuwa nyembamba hadi mwanga ukapenya. Mzee mmoja aliyekuwa akimchonga juu ya ngazi alituashiria tusiguse: hata pumzi, alisema, ikikaribia sana inaharibu.

"Hapo," nikamwambia Pacifique. "Nitasimama hapo, kati ya mabawa."

Saa nne kasoro dakika kumi simu ikaita. Nilivua koti zito, nikampa Kerubo, nikabaki na suti. Nikavua glavu pia. Picha haikukubali upande wa Bukavu. Mtandao wao ulikuwa mdogo. Ikabaki sauti tu. Huyo ndege wangu, na viatu, na tai, hakuna aliyeviona.

"Mugisho," Mjomba akasema kwa haraka, "baba ya binti hajafika bado lakini shangazi amesema tuanze, giza inaingia. Nimekuweka kwenye meza, unasikika na watu wote. Jibu ukiitwa."

Nikasikia viti vikisogezwa. Kikohozi. Kisha sauti ya Euphrasie, ndefu, isiyo na haraka.

"Tunamwita Mugisho, mwana wa Cirhuza!"

Nilivuta pumzi hadi chini kabisa tumboni. Nikafungua kinywa. "Niko!" nikasema, kwa nguvu, mpaka yule mzee wa ngazini akageuka.

Upande wa pili kimya. Nikaitazama simu. Kioo kilikuwa cheusi.

Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Ilikuwa na hamsini na kitu ilipoita, niliona kwa macho yangu.

"Ni baridi," akasema Kerubo, na mkono wake ukaenda mdomoni. "Mungu wangu, ni baridi. Simu za aina hii zinazima kwa baridi! Iweke kwapani! Ingiza ndani, kwa ngozi!"

Nilifungua vifungo vya shati hapohapo mbele ya watu na kuisukuma kwapani. Ilikuwa kama kukumbatia wembe. Kerubo alinifunika kwa koti na kunipa simu yake mwenyewe. "Piga na hii. Piga!"

"Nambari ya mjomba iko ndani ya simu."

"Huijui kichwani?"

Sikuijua. Ya Byamungu sikuijua. Niliijua moja tu, ya Bernardine, ambayo ningeweza kuiandika nikiwa usingizini. Nikaipiga. Haikupatikana. Siku ya posa shangazi zake humnyang'anya binti simu asije akaonywa na mtu nini cha kusema; hilo nalo nililijua.

"Facebook," Pacifique akasema. "Ingia kwa simu ya Kerubo, mwandikie mtu yeyote."

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Niliandika jina, nikaandika neno la siri, nikakosea, nikaandika tena. Ikakubali. Kisha ikaniambia kwamba kwa usalama wangu imetuma tarakimu sita kwenye simu yangu.

Nilicheka. Kerubo aliniambia baadaye kwamba kicheko hicho ndicho kilichomtisha.

"Kibanda cha joto!" akasema Pacifique. "Kule wanapouza supu. Twende!"

Tulikimbia. Yaani wao walikimbia. Mimi nilianguka mara mbili, mara ya pili kwa goti, suruali ikapasuka. Nilikuwa nahesabu moyoni. Wameita mara ya pili. Euphrasie anawatazama. Mjomba anatikisa simu. Wameita mara ya tatu. Sasa mtu anakwenda kuleta maji.

Ndani ya kibanda mama mmoja mnene mwenye beji iliyoandikwa Susan alikuwa akigawa supu. Soketi zote zilikuwa na vyungu vya umeme. Kerubo alimweleza kwa Kiingereza, kwa pumzi moja, kwamba huyu kijana anaoa sasa hivi, Afrika, kwa simu, na simu imekufa. Susan hakuuliza swali hata moja. Alichomoa chungu cha supu ya kuku, akachomoa chaja yake mwenyewe mkobani, akaichomeka. Kisha akaniwekea kiti, akanishika bega na kuniambia niketi.

Niliketi. Sijui kama msomaji amewahi kuketi mbele ya kitu anachokihitaji kuliko pumzi, na hakuna analoweza kufanya ili kije upesi. Siwezi kupigana na betri. Siwezi kuitukana ikasikia. Mimi ni mtu wa kusimama na kusema. Nimewahi kumjibu msimamizi wangu kazini mbele ya watu hamsini, nikahamishwa zamu na sikujuta. Na sasa nilikuwa nimekaa na shati wazi, goti linavuja damu, nikikodolea macho kipande cha kioo, nikisubiri kipate joto.

Dakika ishirini na mbili. Kisha kikawaka.

Ujumbe ulianza kuingia kwa vishindo, mmoja juu ya mwingine. Mpwa wangu, akinipongeza kwa Kifaransa: *Félicitations tonton!* Dada yangu: *Umetuliza sisi wote.* Mtu asiye na jina kwenye simu yangu: *Ubeti mzuri sana, Mungu awabariki.* Kulikuwa na sauti ya kurekodiwa. Nikaifungua, zikatoka vigelegele mpaka Susan akaacha kuteka supu.

"Umeoa!" Kerubo akapiga kelele. "Mugisho, wamekubali!"

"Wamekubali nini? Sikuitika."

Ndipo nikaona sauti ya Byamungu. Nikaiweka sikioni. Alikuwa ananong'ona, nyuma yake kuku wanasikika.

"Kaka, samahani. Ulikatika. Baba alikuwa anatoka jasho. Shangazi Euphrasie ameita mara ya pili, kimya. Nikatoka nyuma ya nyumba, karibu na choo, nikapigia simu ya Baba. Ameita ya tatu, nikaitika mimi. Nimesema ubeti wako wote, ninaujua, si ulinitumia? Watu walipiga kelele! Shangazi akamuuliza Bernardine mbele ya wote, 'Ni sauti yake?' Bernardine alikaa kidogo. Kisha akasema, 'Ni yake.' Basi imekwisha, kaka, umepewa. Niliongeza kidogo mwishoni kwa sababu walikuwa wanafurahi, utanisamehe."

Niliirudia. Kisha nikaizima.

"Vipi?" akauliza Pacifique.

Nikawaeleza. Kerubo alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. "Lakini si amekuokoa?" akasema taratibu. "Huyo binamu ni wa kununuliwa soda."

Ameniokoa. Ndiyo. *Kinywa changu sijakopa*, kikasema kinywa kingine, chooni. Niliwaka ndani kuliko vyungu vya Susan. Na juu ya hasira kulikuwa na kitu kizito zaidi: yule binti anaijua sauti yangu. Huyo hachanganyi. Sijawahi kumpigia simu akauliza ni nani. Ameulizwa mbele ya mama yake na wazee wote, na amesema ni yangu.

Simu ikaita. Mjomba.

"Mwana wangu!" Alikuwa amejaa furaha na bia. "Baba ya binti amefika sasa hivi, nusu ya njia kwa miguu. Anataka kusikia mwenyewe. Nakuweka mezani. Ule ubeti, rudia, rudia!"

"Mjomba, ngoja—"

Ameshaniweka. Nikasikia kelele zikishuka, watu wakinyamazishana. Pacifique alinitazama, akatikisa kichwa polepole: usiharibu. Kerubo alishika mkono wangu usio na simu.

Ningeweza kuusoma kama Byamungu angeusoma, wima, haraka, nikamaliza. Sikuweza. Nilisimama. Niliuimba kwa mahadhi yangu, nikivuta mwisho wa kila kipande, sauti imekwaruzwa na baridi lakini yangu, na nilipofika *ni mimi ninayeapa* niliigonga meza ya Susan kwa ngumi. Supu ikaruka.

Hakuna kigelegele. Nilisikia mtu akiweka glasi chini.

"Hm," akasema Euphrasie. "Mbona sasa unaimba? Saa ile ulisema tu."

"Nimefurahi, Shangazi."

"Na sauti?"

"Huku baridi, Shangazi. Koo."

"Haya. Na ile ya mwisho umeiacha. Kaka yangu hakuwepo, mwambie naye asikie. Ile ya Juni."

Sikuelewa. Kisha nikakumbuka: Byamungu alisema ameongeza kidogo mwishoni.

"Saa ile ulituambia," akaendelea, bila haraka, "mwezi wa Juni utakuja wewe mwenyewe kumchukua, na utapiga magoti mlangoni hapa. Ndiyo watu wakafurahi. Au si wewe uliyesema?"

Kibanda kizima cha watu wasiojua Kiswahili kilikuwa kikinitazama, vijiko mikononi. Nikisema siyo mimi, nimemtoa Byamungu chooni na kumwita Bernardine mwongo mbele ya baba yake aliyekuja kutoka Kavumu kwa miguu nusu ya njia. Nikisema ni mimi, nimetaja mwezi. Nilitafuta neno la katikati.

"Mugisho?" akaita mzee, baba yake. Sauti ya mtu aliyechoka, si ya ukali. "Unanisikia? Ni Juni?"

Kabla sijajibu, sauti nyingine ikaingia. Haikupaswa kusema, binti huulizwa, hasemi. Lakini ilisema.

"Papa, ni yeye. Ana baridi tu. Juni alisema, sisi wote tulisikia."

"Binti nyamaza," akasema Euphrasie. "Ajibu mwenyewe."

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Juni."

Nilisema kwa kinywa changu. Hakuna aliyenisemea. Vigelegele vikalipuka mpaka simu ikatetemeka kiganjani, mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, na katikati ya kelele nikamsikia Mjomba akipiga ukelele kwamba mbuzi sasa achinjwe. Kisha simu ikakatwa huko kwao. Walikuwa na sherehe ya kuendesha.

Susan alipiga makofi. Watu wengine nao wakapiga, na mtu akaniletea bakuli la supu na biskuti zenye chumvi. Nikaishika. Pacifique aliketi karibu nami, akainamisha kichwa.

"Karatasi zinaweza kutoka mapema," akasema.

"Zinaweza?"

Yeye amengoja zake miaka mitatu.

Kerubo alikuwa anafuta macho. "Ni mimi nilisema inatosha," akasema. "Sitini na nne. Kazi yangu ni kuuguza watu na sikukumbuka hata simu inasikia baridi."

Nilitaka kumwambia si kosa lake, simu ikalia kidogo. Wamemrudishia Bernardine simu yake. Ulikuwa ujumbe wake, mfupi, bila salamu, bila ule moyo mwekundu anaouweka kila mara.

*Niambie ukweli mimi peke yangu. Juni ni yako au ni ya Byamungu?*

Niliandika: *Ni ya Byamungu.* Nikaisoma. Nikafuta.

Nikaandika: *Ni yangu.* Nikafuta.

Kupitia dirisha la plastiki la kibanda nilimwona yule mzee bado yuko kwenye ngazi, anakwaruza bawa la ndege kwa upole kama anayemnyoa mtoto. Juu ya kioo cha simu maneno madogo yalitokea kuonyesha kwamba Bernardine anaandika. Yakapotea. Yakatokea tena, yakapotea. Alikuwa ananiona na mimi vilevile: naandika, nanyamaza, naandika.

"Supu inapoa," akasema Susan kwa Kiingereza. "Kula, bwana harusi."

Betri ilikuwa asilimia kumi na nane na inapanda.